Sketi Aliyoshona Konsolata

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka masikio hunipata moto hata sasa, na mimi ni bibi wa wajukuu saba. Kaa hapa karibu. Nimesikia unamlilia mama yako kwamba huna cha kuvaa sikukuu hii, na kwamba wenzako wameagiza nguo Dar es Salaam kwa simu. Sitakukemea. Nilikuwa kama wewe, tena mbaya kuliko wewe, maana wewe umelia tu. Mimi nilimkana mtu.

Nilikuwa na miaka kumi na minane. Baba yangu alikuwa na duka dogo la vitambaa Ujiji, khanga na vitenge na shuka za kitandani. Ilikuwa miaka ile ya wakimbizi, ziwa likileta watu kila kukicha, maboti yamejaa akina mama na magodoro na mbuzi, na watoto walionyamaza kuliko mtoto anavyotakiwa kunyamaza. Sisi Wahindu tulikuwa nyumba chache, za kuhesabika kwa vidole, lakini sikukuu zetu hatukuziacha. Kila mwaka, zile siku tisa za Mata, Mama yetu tunayemwabudu, tulikutana ukumbini jioni tukacheza kwa duara, kisha baada ya wiki chache ikafuata Diwali na taa zake. Na kila msichana alitaka kuonekana.

Mwaka ule mzigo wa baba ulikwama stesheni ya mbali, wiki ya tatu haujafika. Akaniambia, "Jasu, mwaka huu hakuna nguo ya Dar." Nikanuna. Sikula siku nzima. Tena, mwanangu, nilikuwa na sababu ambayo niliiona kubwa kuliko ziwa: Mama Kusum, mke wa tajiri wa mjini, alikuwa amenichagua niolewe na mpwa wake. Posa ilishaletwa kwa maneno. Nilijua jioni ya kwanza ukumbini macho yake yatanipima kuanzia kisigino mpaka utosi. Mabinti zake walivaa nguo za kutoka Bombay, na yeye hakuchoka kulitaja jina hilo.

Bibi yangu mzaa baba, ambaye sote tulimwita Ba, alizaliwa hapa hapa Ujiji. Kiha alikisema kama muuza dagaa. Aliponiona nimenuna, hakunibembeleza. Alifungua sanduku lake, akatoa sari yake ya harusi, ambayo nondo walikuwa wameila katikati ikabaki pindo lake la dhahabu. Akachukua dukani vipande viwili vya kitenge vilivyobaki mwisho wa jora, kimoja cha bluu na kimoja chekundu, akaniambia nivae viatu. Tukaenda mtaa wa Gungu.

Huko Gungu ndiko nilikomkuta Konsolata. Alikuwa Mrundi, mama wa makamo, amevuka ziwa miezi michache nyuma. Alikuwa amepewa kibali cha kukaa kwa dada yake aliyeolewa hapa zamani. Siku waliyokimbia watu walibeba masufuria na magunia, yeye alibeba kichwa cha cherehani, akakipakata mapajani ndani ya boti njia nzima. Mume wa dada yake akamchongea meza, na hapo akashona.

"Amahoro, mama," Ba alimsalimu.

"Amahoro," akajibu, kisha akanitazama. "Huyu ndiye mwenye kununa?"

Ba alicheka. Mimi sikucheka.

Konsolata hakushika mkasi kwanza. Alitaka maji na sabuni. Akalowesha pembe ya kile kitenge chekundu, akaisugua, akaibana kwenye kitambaa cheupe. Rangi ikatoka kama damu. "Hiki oya, hapana," akasema, akakisukuma kando. "Ukitoka jasho kitakuaibisha mbele za watu." Cha bluu alikifanyia vivyo hivyo, kikashika rangi yake. Akakivuta kwa pande mbili aone kama kinalegea. Ndipo akachukua pindo la sari ya Ba, akalilaza juu ya bluu ile, na mwanangu, hata mimi niliyenuna niliacha kununa.

Alinipima kwa kamba. Alikuwa akiniuliza maswali kama mtu anayekutibu. Unazunguka kwa nguvu kiasi gani? Unainama? Unainua mikono? Aliposikia jinsi tunavyofunga sari, akasimama akatuonyesha kwa shuka jinsi wao wanavyofunga imvutano, vazi lao la heshima, kitambaa kinachokamatwa begani kikaanguka mpaka miguuni. "Sari yenu na imvutano yetu ni watoto wa baba mmoja," akasema. "Tofauti ni safari tu."

Siku nne baadaye sketi ikawa tayari, pana, na pindo la dhahabu chini likiizunguka yote, na blauzi yake iliyonikaa mwilini bila kunibana. Niligeuza ndani nikaona mishono. Ndani kulikuwa safi kama nje. Wazee husema uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Sketi ile haikuwa mkakasi.

Jioni ya kwanza nilipoingia ukumbini, wasichana walinizunguka. Wakashika pindo, wakanigeuza, wakauliza. Na Mama Kusum akaja, polepole, bangili zikilia. Akashika kitambaa kwa vidole viwili.

"Nzuri," akasema. "Imetoka wapi?"

Ningesema Gungu, mwanangu, yangeisha. Neno moja tu. Lakini niliona macho yake, nikaona na mabinti zake nyuma, na ulimi wangu ukakimbia.

"Bombay," nikasema. "Mjomba ametuma."

Akatikisa kichwa kwa kuridhika. Kisha akatazama mlangoni. Konsolata alikuwa amesimama pale, amevaa gauni lake lililofuliwa vizuri na viatu vya kuazima. Ba ndiye aliyemkaribisha, aje aone kazi yake ikicheza. Alikuwa anatabasamu. Alikuwa karibu kiasi cha kusikia.

"Na yule mwanamke ni nani? Anakuangalia wewe."

"Simjui," nikasema. "Labda amekuja kuomba."

Tabasamu la Konsolata halikuondoka mara moja. Lilibaki kidogo, kama taa inayoishiwa mafuta. Kisha akageuka, akaenda zake. Mimi nilicheza. Ndiyo, nilicheza, tena nilisifiwa. Sitakuficha hilo.

Asubuhi Ba alinikuta ninaikunja sketi. Hakupandisha sauti. Maisha yake yote sijamsikia akipandisha sauti.

"Leta," akasema. Nikampa. "Umevaa mikono ya mtu, ukamkana mwenye mikono. Unajua baba yangu alishuka Ujiji hana kitu? Aliyempa pa kulala ni Mha mmoja wa Simbo, mkulima wa mihogo. Hakumwomba Kihindi wala cheti. Sisi nasi ni watu wa kuja, Jasu. Kilichotutofautisha na yule mama ni kwamba sisi tulitangulia boti."

Nikaanza kulia. Akaniacha nilie, kisha akasema, "Machozi usinipe mimi. Nenda Gungu."

Nikaenda peke yangu, kwa miguu, jua la saa tano. Konsolata alikuwa kwenye cherehani na hakuinua kichwa. Nilipiga magoti kwenye vumbi nikasema shikamoo, nikasema nisamehe mama, nikasema yote. Yeye akaendelea kukanyaga pedali mpaka mshono ukafika mwisho. Akakata uzi kwa meno.

"Mwana wanje," akasema, yaani mwanangu kwa Kirundi, "boti yetu ilipoanza kuingiza maji, walisema tutupe vitu. Watu walitupa vyungu, walitupa hata chakula. Mimi nilisema, mkitaka kukitupa hiki nitupeni na mimi. Sikuvuka ziwa na chuma kile mapajani ili nije niitwe ombaomba."

"Nisamehe."

"Samahani yako ni nzuri. Lakini umeileta Gungu. Ulinikana ukumbini."

Akarudi kwenye kazi yake. Mwanangu, hakuna hakimu aliyewahi kunihukumu kwa haki kama mama yule. Nilisimama, nikapangusa magoti. Na ndipo kitu kikageuka ndani yangu, aibu ikawa hasira, na hasira yenyewe ikajua pa kwenda. Nikamwambia, "Basi twende ukumbini. Leo. Vaa imvutano yako."

Akanitazama kwa mara ya kwanza siku ile. "Watakufukuza."

"Wanifukuze nimesema."

Jua lilipokuwa linazama tuliingia, yeye na imvutano ya rangi ya chungwa aliyoiazima kwa dada yake, mimi na sketi yangu ya bluu, Ba katikati yetu na fimbo yake. Mama Kusum alitukuta mlangoni.

"Hapa si kambini," akasema.

Nikasema kwa sauti, ili wasikie hata waliokuwa wakipanga maua mbele ya picha ya Mata: "Mama, shikamoo. Jana nilikudanganya. Nguo hii haikutoka Bombay. Ni kitenge cha duka la baba yangu na pindo la sari ya bibi yangu, na aliyeishona ni huyu, anaitwa Mama Konsolata, anakaa Gungu. Nilisema simjui. Namjua."

Binti mmoja akacheka.

"Kitenge!" Mama Kusum akasema. "Umemchezea Mata na kitenge? Nguo ya kuuzia samaki?"

"Mata hana duka Bombay," nikajibu. Sijui nilitoa wapi ulimi ule. Baba yangu, aliyekuwa kando, alifunga macho.

"Atoke huyu mwanamke, ama nitaita askari akague makaratasi yake."

Nilikuwa nimemleta Konsolata kwenye hatari ambayo sikuifikiria. Lakini yeye alitia mkono kifuani, akatoa karatasi iliyofungwa ndani ya nailoni, akaikunjua na kuinyoosha mbele ya Mama Kusum.

"Soma, mama," akasema. "Jina langu limeandikwa hapo. Nimelisubiri lisomwe."

Mama Kusum hakusoma. Alikwenda akazima redio iliyokuwa ikitupigia nyimbo za kuchezea, akachukua mkanda wake wa kaseti, maana ulikuwa wake, akaondoka na mabinti zake. Nyumba mbili zilimfuata. Waliobaki wakawa wanatazama sakafu.

Ba alikuwa na miaka mingi na sauti iliyokwaruza. Akaanza kuimba. Wimbo wa Mata aliofundishwa na mama yake hapa hapa Ujiji, bila redio, bila ngoma. Nikapiga makofi. Msichana wa pili akapiga. Tukafanya duara, na duara likawa dogo, dogo sana, na Konsolata pembeni akashika mdundo kwa viganja kama wanavyoshika kwao, hata mdundo ukawa si wetu wala si wao. Nilizunguka mpaka pindo likasimama hewani. Sijawahi kucheza hivyo tena.

Nisikudanganye kwamba kila kitu kilikuwa kizuri baada ya hapo. Posa ilivunjwa wiki ile ile. Watu wa mjini waliacha kununua kwa baba kwa miezi mingi, naye hakunisema, lakini nilimwona akikaa dukani mikono imelala kaunta. Mama Kusum hakunisalimu mpaka alipokufa. Na Konsolata, kibali kilipokwisha, alipelekwa kambini kama wengine. Nililia, lakini nilikuwa nimeshakaa kwenye cherehani yake mwaka mzima nikijifunza kukata, kupima na kupindisha. Kwa kazi hiyo nimewasomesha mama yako na wajomba zako. Konsolata alirudi kwao amani ilipopatikana. Sikumwona tena. Ila msichana yeyote aliyeniuliza nimefunzwa na nani, nilimjibu kwa jina lake zima.

Sasa sikia nasaha yangu, na kama ukitaka kuisahau yote usisahau ya mwisho. Usinunue nguo kwa jina la mji ilikotoka. Lowesha pembe uone rangi yake, igeuze ndani uone mishono yake, zunguka nayo uone kama inakuacha uzunguke. Pindo zuri la bibi juu ya kitambaa cha kawaida linapita hariri uliyoinunua kwa kumtia baba yako aibu. Nguo ya kuazima haisitiri matako, wamesema wahenga, na sifa ya kuazima ndiyo kabisa haisitiri. Wakikucheka kwa kitenge, wacheke. Cheza. Kicheko hakichani kitambaa.

Na ya mwisho: mtu akikufanyia kazi ukapendeza, taja jina lake kabla hujaulizwa. Ukimkosea mtu hadharani, usimpelekee msamaha uani. Rudi pale pale, mbele ya macho yale yale, hata kama mlangoni amesimama tajiri. Gharama utailipa. Mimi nimeilipa, na nikiambiwa niilipe tena, nitaitoa huku nimesimama wima.

Mata akupe macho ya kutambua kilichoshonwa vizuri, na ulimi wa kusema ukweli ukiwa umependeza. Mikono iliyokuvisha isikose mkate. Na siku watakapokufungia redio, mwanangu, Mungu akujalie sauti yako mwenyewe, na angalau watu wawili wa kukupigia makofi.