Nyota Zilizokula Umeme

Juzi, kwenye kundi letu la waandika programu, mtu alileta fumbo: chora umbo la almasi kwa alama za nyota, kwa msimbo mfupi kuliko wote. Nikashinda. Waliponiuliza siri yangu, nilikumbuka harufu ya wino wa printa na vumbi la Kalangalala, mtaa wa utoto wangu.

Mchana mmoja, nikiwa mtoto, shangazi alikuwa anachapa kadi za harusi katika steshenari yake. Alipotoka kununua mihogo ya kukaanga, alinifungulia ukurasa mtupu kwenye kompyuta. "Cheza hapo, ila kadi za watu usiziguse."

Nikabonyeza nyota moja, chini yake tatu, kisha tano, nikijenga almasi kama zile nilizosikia zinachimbwa Songwa. Mara mita ya luku ukutani, ile ya umeme wa kulipia kabla, ikaanza kulia, pii, pii. Nikadhani inazihesabu nyota zangu. Niliogopa, lakini almasi ilikuwa bado haina ncha ya chini, nikaendelea kimyakimya mpaka kioo kikazima.

Shangazi alirudi pamoja na mteja wake.

"Mama Kulwa, kadi zangu?" mteja alimuuliza shangazi.

"Nisamehe, mama. Umeme umeisha, sikuwa nimezihifadhi. Naanza upya."

Nilificha vidole kwapani. Tangu hapo naandika kwa kubana, kama mtu anayetumia umeme wa mwenzake.

Sasa najua nyota hazili umeme. Ile luku ilikuwa inamwita shangazi aongeze umeme kabla haujaisha, na aliyeisikia ni mimi peke yangu.