Tabibu Anayeangalia Pale Mnapogeuza Uso

Umeona tu habari ni ya njia ya haja kubwa, umeshaangalia pembeni. Rudi hapa. Ndivyo mlivyowageuzia uso wanawake wenye fistula, waliovuja mkojo baada ya uzazi mgumu, miaka ile, na hatujasahau.

Saa mbili asubuhi, chumba cha mwisho cha kliniki. Tabibu wa miaka hamsini na tisa, ambaye wenzake humwita Bibi Tochi, anavaa glavu. Mbele yake fundi seremala ameng'ang'ania mkanda wa suruali kama anayeogopa kuibiwa.

"Mama, ni bawasiri tu. Niandikie ile dawa ya kupaka niende zangu."

"Nani kasema bawasiri?"

"Wahudumu watatu."

"Waliangalia?"

Fundi anatikisa kichwa.

"Basi mwanangu, hiyo waliiota. Lala ubavu, magoti kifuani. Haya zako mwekee mkeo, mimi nimezeeka."

Fundi anacheka bila kutaka, analala.

Amepaka dawa miezi kumi na moja. Bibi Tochi anamulika dakika moja tu: vinyama vidogo vya rangi ya ngozi, vimeshonana kama koliflawa. Bawasiri ni mshipa uliovimba, laini juu. Haya ni masundosundo, ya kirusi kinachopita ngozi kwa ngozi, hasa wakati wa kujamiiana. Anatazama na ndani kwa kifaa, kisha anachukua damu, maana kaswende nayo huotesha vinyama vya kufanana.

Fundi anauliza kwa sauti ya chini kama ndoa yake imekwisha. Tabibu anaketi kando yake. Anamweleza kwamba kirusi hiki hukaa kimya hata miaka, hakimtaji aliyekileta; vinyama vitagandishwa kwa baridi kali mpaka vidondoke, vikirudi vitagandishwa tena.

"Mkeo mlete naye apimwe. Nitamweleza mwenyewe, wewe utamshikia mkoba."

Kung'ang'ania kuangalia ana sababu nako. Zamani alimwandikia mwalimu mmoja dawa ya bawasiri bila kumvua nguo, kwa kumwonea haya. Mwalimu alirudi baada ya miaka miwili na saratani ya sehemu ileile.

"Nilimstahi," anasema, "nikamnyima macho yangu."

Anastaafu mwakani. Kabla ya hapo anataka kila mhudumu kijana wa kliniki ile asimame kando yake, aangalie, ajue tofauti.

Nawe usingoje astaafu. Kama una kinyama, muwasho au damu huko nyuma, nenda leo. Ukiandikiwa dawa ya mahali ambapo hapajaangaliwa, irudishe mezani. Usitoke mpaka waangalie.