Hatoki Mtu Mpaka Waondoke Mwezini

Mume wangu alikuwa fundi wa redio. Kibanda chake kilikuwa Makadara, ubavuni mwa mkahawa mdogo wa chai, na kwa sababu ya kazi hiyo alijiona wakili wa kila kitu chenye waya. Mwaka ule wa sitini na tisa, zilipoanza habari kwamba watu wanapelekwa mwezini, alizishika kana kwamba waliokuwa wakisafiri ni ndugu zake. Akirudi nyumbani, kabla hata hajavua viatu, alitueleza chombo kimefika wapi, kinakwenda kasi gani, na jinsi kompyuta, mashine inayopiga hesabu yenyewe, ilivyokuwa ikiwaonyesha njia.

"Na ikikosea hesabu?" mama yake alimwuliza.

"Haikosei, mama."

"Haikosei! Mbona hii redio yako jana ilikoroma kutwa nzima?"

Sisi watatu tulikaa nyumba moja Mji wa Kale, mimi, yeye na mama yake huyo, mavyaa wangu, na mtaani kwetu hapakuwa na mtu aliyeiamini safari ile kwa moyo mmoja. Waliokaa barazani walisema ni uongo mtupu, picha zimepigwa jangwani mahali fulani. Jirani yetu Muhindi mwenye duka la vitambaa alisema kwenda wamekwenda kweli, lakini wanatafuta dhahabu, na wakiipata hatutaambiwa. Mwalimu wa madrasa aliogopa kuliko wote. Aliuliza wakiusogeza mwezi kidogo tu, Ramadhani itaandama lini, na nani atajua.

Mimi nilikuwa na swali langu, ambalo sikumwambia mtu. Nilikuwa mjamzito, mwezi wa nane. Mimba ya kwanza niliibeba mpaka mwisho, nikajifungua mtoto asiye na uhai, na mume wangu ndiye aliyemzika kwa mikono yake. Watu walitafuta sababu. Huyu alisema nilikaa kizingitini magharibi, yule alisema nilikula vya moto sana. Basi nilipomsikia mume wangu akisifu vyombo vinavyoona mashimo ya mwezini, nilijiuliza mbona hao wajuzi hawajaunda kitu cha kumwonyesha mama mtoto aliyemo tumboni mwake, umbali wa shubiri moja, ajue kama yu mzima. Hasira zilinipanda nikifikiri hivyo. Nilikuwa mwepesi wa hasira, na hofu ilinizidishia.

Jumapili, redio iliposema kwamba wanakaribia kushuka, mavyaa wangu alitoa amri.

"Hatoki mtu mwenye mimba nyumba hii mpaka hao watu waondoke mwezini."

Mume wangu alicheka. "Mama, hii si kupatwa kwa mwezi."

"Mwezi ukipitiwa na kivuli tu, twaingia msikitini kusali na wenye mimba twawafungia ndani. Sembuse ukikanyagwa na viatu?"

"Mwezi ni jiwe, mama. Jiwe kama mawe ya ngome ile pale."

"Basi ni jiwe. Na mke wako hatoki."

Nilidhani ni kichekesho cha nyumba yetu peke yetu, kumbe mtaa mzima ulikuwa umeamua vivyo hivyo. Mke wa yule Muhindi, naye mjamzito, alifungiwa madirisha. Tuliitikiana kwa sauti kupitia ukutani, yeye akinihimiza nisome dua, mimi nikimwambia nasoma. Nilisoma kweli. Sikuamini kwamba viatu vya mtu vinaweza kumfikia mwanangu kutoka kule juu, lakini sikuwa na ujasiri wa kutoamini.

Na mtoto alikuwa ameacha kucheza.

Alikuwa na desturi ya kuniamsha alfajiri kwa mateke. Jumapili alfajiri alicheza kidogo, akanyamaza. Nilijiambia amelala. Nikanywa maji baridi, nikalalia ubavu wa kushoto, nikajibonyeza kwa vidole. Jumatatu asubuhi redio ikatangaza kwamba wametoka chomboni na wanatembea, mtaa ukalipuka kwa maneno, na mimi nilikuwa nimekaa ukingoni mwa kitanda nimejishika tumbo kwa mikono miwili. Hakutikisika. Sikuthubutu kumwambia mavyaa, maana nilijua atasema ni ule mwezi, na nilijua akilisema neno hilo nitaliamini.

Nikangoja mume wangu arudi. Huyu ndiye aliyesema ni jiwe. Alikuja adhuhuri na redio kubwa ya mteja kwapani, akaitega sebuleni, akaegemeza sikio lake hapo asibanduke. Nilimwita chumbani baada ya sala ya alasiri.

"Mtoto hachezi," nikamwambia. "Tangu jana. Nataka kwenda hospitali."

Alinitazama, na uso wake ukabadilika rangi. Akaenda dirishani, akafungua ubao mmoja, akainua kichwa. Mwezi ulikuwa umeshatoka mchana ule, chini ya nusu, mweupe kama kipande cha sabuni kilichokwisha.

"Wanaondoka leo usiku," alisema.

"Nani?"

"Hao. Redio imesema wanaondoka leo. Tungoje kidogo. Wakishaondoka nitakupeleka mwenyewe."

Nilidhani ananifanyia mzaha. Nikamtazama machoni, nikaona hapana. Mtu aliyetuchosha kwa kompyuta na kasi na mawe alikuwa anauogopa mwezi. Alikuwa akimwona yule wa kwanza, najua, ile sanda ndogo. Nilimhurumia, na papo hapo nikatamani kumpiga.

"Ulisema ni jiwe!" nilipiga kelele. "Ulisema ni jiwe!"

Sauti hiyo ndiyo iliyomleta mavyaa mlangoni, tasbihi mkononi.

"Kuna nini?"

Nikamwambia. Sikuwa na la kupoteza.

"Hachezi tangu lini?"

"Tangu jana alfajiri, mama."

"Na wewe wangoja nini kuniambia?" Alikuja akaweka kiganja chake tumboni kwangu, chini, kisha ubavuni, akabonyeza, akangoja. Kisha akatia tasbihi mfukoni. "Vaa buibui. Twenda."

"Mama," mume wangu alisema, "si wewe uliyesema hatoki mtu?"

"Nilisema."

"Na mwezi uko juu."

"Si ulituambia ni jiwe? Basi waache walikanyage jiwe lao."

Akanishika mkono tukatoka. Mume wangu alisimama kizingitini, hakurudi ndani wala hakutufuata. Vichochoro vyetu gari haliingii, hivyo tulikwenda kwa miguu mpaka Makadara, na njia nzima watu walikuwa wamesimama nje ya maduka wameinua vichwa. Waliponiona na tumbo langu wakashusha macho. Mwanamke mmoja alimkemea mavyaa kwa sauti, mbona wamtoa mwana wa watu saa hizi. Yeye aliyekuwa na jibu la kila mtu alizidisha mwendo. Nilihisi kiganja chake kikitoa jasho ndani ya changu, nikajua anaogopa kunizidi. Anaamini kila alichokisema jana, na bado ananivuta mbele.

Nilifikiri kama mtoto huyu akifa, safari hii mji mzima utakuwa na sababu moja, na hautaitafuta mbali.

Tukapata teksi. Huko hospitali ya wazazi, mkunga alinilaza, akaweka kipembe chake cha mbao tumboni, akainamisha sikio. Akakihamisha. Akasikiliza tena. Mavyaa alikuwa ameushika mguu wangu, na kadiri mkunga alivyonyamaza ndivyo alivyouminya. Nilitazama dari.

"Yupo," mkunga alisema. "Lakini moyo unachoka. Nitamwita daktari."

Daktari akaja, akasikiliza, akasema mtoto atolewe kwa kupasuliwa, sasa hivi. Nikamwona mavyaa akifumba macho. Siku mwezi unapopatwa, mwanamke mwenye mimba hashiki hata kisu cha kukatia vitunguu, asije akamtia mtoto alama. Na huyu anataka kunichana tumbo, na watu wangali kule juu.

"Bwana wake yuko wapi?" daktari akauliza. "Lazima akubali."

"Yuko nyumbani, yuwasikiza redio," mavyaa akajibu. "Mimi ndimi niliyemvyaa huyo bwana. Nimekubali. Pasua."

Nilipozinduka ilikuwa isha imeshapita. Mdomo ulikuwa mkavu na tumbo likiniwaka moto. Kando yangu mavyaa alikuwa amekaa kwenye kiti, buibui limemporomoka mabegani, na kifuani pake ana kifurushi cha blanketi. Aliinama akanionyesha. Alikuwa msichana, mdogo mno, amekunja uso kama aliyekasirishwa. Nikalia mpaka kidonda kikanikataza.

Ndipo mume wangu akatokea mlangoni, ametota jasho, anahema, uso umemjaa furaha.

"Wameondoka!" alisema. "Redio imesema sasa hivi. Wameondoka salama!"

Mavyaa alimgeukia.

"Kina nani?" akamwuliza.

Alikuja polepole, akamwona mtoto, akapiga magoti pale pale akalia. Sikumwambia neno baya siku ile, wala baadaye. Tulikaa pamoja miaka mingi, akanitunza, akanizalisha watoto wengine watatu. Lakini kila mmoja wao alipochemka homa usiku, nilimruka baba yake kitandani, nikaenda kubisha mlango wa mavyaa.