Kenge Chini ya Blanketi

Mvua ile ya vuli ilipiga mchana, ikaezua nusu ya paa la banda la kuku na kulaza migomba yote ya mama. Ilipokatika, jua likarudi kali, kana kwamba halikusikia lolote. Tulikuwa hatujamaliza mwaka katika kijiji cha ujamaa, upande wa Misugusugu. Tulihamishwa kutoka Kisarawe, na kiwanja tulichopewa kilikuwa na kichuguu nyuma ya nyumba. Baba alikichukia. Mama alikipenda, maana yeye alizaliwa bara na alijua kumbikumbi wanavyotegwa.

Kwao mvua ikikatika hawangoji. Kichuguu kinafunikwa blanketi, pembe zinakandamizwa kwa mawe, kisha watu wanapigapiga ardhi kwa vijiti. Kumbikumbi wakisikia hivyo hudhani mvua bado inanyesha, wanatoka wenyewe. Basi mimi na mama tulikuwa tumechuchumaa tukipiga, na mdogo wangu, ambaye ndiyo kwanza alikuwa ameanza kutamka maneno, alipiga nasi kwa mwiko, akicheka kila tulipocheka.

Ghafla kuku akapiga kelele bandani. Kenge! Tulimjua mshenzi yule. Alikuwa amemaliza vifaranga wetu karibu wote, na sasa paa limeezuliwa, njia nyeupe. Mimi na mama tukakimbilia bandani kuokoa mayai. Mtoto akabaki pale pale na mwiko wake.

Baba alitoka ndani kifua wazi, akaunyakua mchi wa kinu uliokuwa umeegemezwa ukutani.

"Leo ni leo!" alisema. "Kenge hasikii mpaka damu imtoke masikioni!"

Kenge alichomoka bandani, akanipita miguuni, akazunguka kona ya nyumba kuelekea kichuguuni. Baba nyuma yake. Mimi nyuma ya baba, nikishangilia. Kweli kabisa, nilikuwa nashangilia.

Tulipofika, kenge haonekani. Ila blanketi lilikuwa linatikisika. Jiwe la pembeni lilikuwa limesogea, na katikati kulikuwa na kivimbe kinachokwenda polepole.

"Kaingia humu," baba akanong'ona, akauinua mchi kwa mikono miwili.

Hapo ndipo nilipouona mwiko, umelala peke yake kwenye tope. Nilitafuta mwenye mwiko kwa macho, kushoto, kulia, hayupo. Nilijua. Nilifungua mdomo na sauti haikutoka. Mpaka leo sielewi sauti ya mtu inakwenda wapi wakati kama ule.

Mchi ukashuka. Tope likaturukia usoni. Ulikikosa kivimbe kwa kama shubiri moja tu. Baba akauinua tena, na safari hii alijipanga vizuri, miguu ameitanua, macho hayabanduki kwenye blanketi.

Chini ya blanketi mtoto akacheka.

Baba aliganda, mchi juu. Nilimwona uso unabadilika rangi. Mama alifika mbio, akatutazama, akalivuta blanketi. Kenge alikuwa amekwisha kupita zamani kuingia porini. Aliyekuwa pale ni mdogo wangu, amekaa kitako, mzima, mabawa ya kumbikumbi yamemganda midomoni. Alikuwa anakula.

Mama alibaki ameshika blanketi, akitazama lile shimo ambalo mchi umelichimba, kisha kichwa cha mtoto, kisha shimo tena.

Mtoto ndiye pekee aliyefurahi. Mbele yake alimwona mtu mzima ameinua mchi kupiga ardhi, kama tulivyokuwa tukipiga sisi tangu mvua ikatike.

"Baba, tena!" akasema. "Tena!"

Mchi ulimponyoka baba, naye akakaa pale pale kwenye tope. Mtoto akamtambalia, akamshika mkono na kuuvuta uinuke.

"Mwondoe," baba alimwambia mama, amegeuza uso. "Mwondoe, mke wangu. Mimi siwezi kumgusa."