Magurudumu Ndani ya Saruji

Niliogopa askari kabla sijajua kusoma. Lori lao lilipopita barabara ya kambi yetu nilijificha nyuma ya pipa la maji, nikabaki pale mpaka mama anitoe kwa mkono. Katika nyumba za wafanyakazi wa mgodi pale Kolwezi, kusini mwa Kongo, watu wazima walisimulia vita vya ujana wao wakati wa kula, kwa sauti ileile ya kusimulia mvua, na mimi niliacha bukari yangu, ugali wa kwetu, ikapoa sahanini. Nadhani ndiyo sababu nilianza kuunda magari ya vita. Nilijiambia kwamba kitu nikikijua mpaka msumari wake wa mwisho, hakitanishtua tena.

Hakuna aliyenifundisha. Tata, baba yangu, alikuwa fundi wa moteri za umeme katika karakana ya mgodi, akaniletea waya wa shaba uliotolewa kwenye moteri zilizoungua. Mabati niliyapata kwenye makopo ya maziwa, magurudumu niliyakata kwenye soli za kandambili. Sikuwa na chombo cha kulehemu. Nilipasha moto kipande cha shaba kwenye mbabula ya mama, katikati ya makaa, kila alipoepua sufuria. Kipimo changu kilikuwa kimoja: askari awe na urefu wa betri kubwa ya tochi, na vingine vyote vitoke hapo, mlango wa lori, mdomo wa mzinga, ngazi ya kupandia. Kifaru cha kwanza kilinishinda kukishika kwa mkono mmoja.

Sitaki kujisifu. Haikuwa furaha. Mlango ukipinda kidogo tu, nilishindwa kukaa na watu. Kuna lori moja nililibomoa na kuliunda upya mara nyingi, hata mama akaanza kuficha makopo ya maziwa. Wenzangu walikuwa wakicheza mpira. Mimi nilikuwa chini ya dirisha nikipima bawaba.

Vilipokuwa vingi, tata alinipa ukuta mmoja wa sebule. Niliweka ubao, nikapanga msafara mzima: malori mbele yakielekea dirishani, mizinga ikivutwa, vifaru nyuma. Nikamwita rafiki yangu, mtoto wa jirani, tuliyekua pamoja kama ndugu. Aliinama, akaangalia kwa muda mrefu.

"Ni muzuri," akasema. "Lakini haina kilo. Inaonekana sawa upepo itaibeba."

Alisema kweli, na neno lile lilinitesa. Mvua iliponyesha nilikwenda mpaka barabara ya Mutshatsha kuangalia malori ya makaa yalivyopita kwenye tope. Gurudumu la kitu kizito halikai juu ya ardhi, linazama, na tope linapanda pembeni kama mdomo. Basi niliondoa ubao. Nilichanganya saruji na udongo mwekundu, nikaumwaga sakafuni kando ya ukuta, na kabla haujakauka nikaweka kila gari mahali pake na kulikandamiza mpaka magurudumu yakazama. Magurudumu niliyafunga kwa waya uliopita chini, ndani ya saruji yenyewe, yasije yakainuka.

Tata aliporudi kazini alisimama mlangoni na kofia yake mkononi.

"Mutoto, unamwanga sima mu nyumba ya kazi? Hii nyumba haiko yetu."

Nilikandamiza lori la mbele. Aliangalia ile sima, saruji yangu, akaangalia kifaru. Tata alizaliwa katika kambi ileile, na baba yake ndiye aliyeletwa kutoka mkoa wa Kasai kufanya kazi shimoni.

"Bon," akasema mwishowe. "Iache. Tutatoka humu siku mi nitakufa."

Na mama alikuwa amepanda mti wa avokado uani. Mtu anayefikiri atahama hapandi avokado.

Jumapili, baada ya misa, watu walikuja kuangalia. Mama wa jirani, mama yake rafiki yangu, aliyekuja Kolwezi kama bibi arusi kutoka upande wa Sandoa, ndani ya mkoa uleule, na ambaye aliimba na mama yangu kwaya moja, alikaa kwenye kiti akacheka.

"Na muke wako, njo atapangusa vumbi ya bintu yote hii?"

"Haoi, huyu," mama akasema. "Ameshaoa kifaru."

"Basi mahari ilikuwa kopo za maziwa."

Wote walicheka, hata mimi. Nilikuwa na hofu tu kwamba mtoto fulani angegusa mdomo wa mzinga.

Kisha kazi ikaanza kufa. Mashine zilisimama moja baada ya nyingine, mshahara ukachelewa, halafu ukawa kitu cha kukumbuka. Watu wakatafuta wa kumlaumu. Tulianza kusikia kwenye mikutano na barabarani kwamba sisi, watu wenye asili ya Kasai, tulikuwa tumekula kazi za wenyeji wa mkoa. Tukaitwa bilulu, wadudu. Neno lile niliandikiwa kwa mkaa kwenye ukuta wa nje, chini ya dirisha langu hasa. Rafiki yangu aliacha kupita mlango wa mbele. Alipita uani, halafu hakupita.

Siku walipokuja, walikuja kwa miguu. Jambo hili bado linanirudia. Miaka yote nilijiandaa kwa malori na vifaru, nikajua sauti na idadi ya magurudumu yao, na waliotutoa walikuwa vijana wa mtaani wenye fimbo na tairi la gari, lile la kumchomea mtu. Mmoja alikuwa amejifunza kazi kwa tata. Alikuwa amekula kwetu.

"Tata, muende kwenu," akasema, na hakumtazama.

"Kwetu ni wapi?" mama akauliza. "Mi nilizaliwa Mutoshi, hapa karibu. Nioneshe kwetu."

"Kesho hii nyumba iko na batu bengine. Mi niliwaambia, mama. Bengine habatawaambia."

Wengine nyumbani walifunga magodoro. Mimi nilichukua patasi ya tata nikapiga magoti. Nilianza na kifaru, kikapasuka. Nikajaribu mzinga, mhimili ukabaki chini na mdomo ukabaki mkononi. Nilikuwa nimevifunga vizuri mno. Nikaona kwamba kila nitakachogusa nitakiua, na nikaanza kukiunga upya kifaru wakati nyumba inabebwa nje.

"Achana nayo," mama akasema. "Kamata mutoto."

Nilivuta mara moja tu zaidi. Lori, lile lililobomolewa mara nyingi, lilitoka bila magurudumu. Nililitia kwenye shati, nikambeba mdogo wangu. Mama wa jirani alimsaidia mama kufunga sufuria ndani ya kitenge. Walifunga pamoja, na walipomaliza jirani alirudi kwake na kufunga mlango.

Kwenye kituo cha treni tulikaa chini ya maturubai na maelfu ya watu, tukisubiri treni ambazo hazikuja, au zilikuja zimejaa. Watu walizikwa nyuma ya reli. Tata aliacha kuongea isipokuwa akiulizwa. Mama aliniomba lile lori, akaligeuza mlango juu, akatia chumvi ndani yake, kwa sababu mlango ule wa bawaba ulilifanya chombo pekee kilichokuwa na kifuniko.

Rafiki yangu alikuja siku moja mchana. Alileta avokado kwenye mfuko. Niliyajua, yalikuwa ya mti wetu. Tulikaa juu ya chuma cha reli, na sikumuuliza habari ya mtu yeyote. Nilimuuliza habari ya sebule.

"Bintu yangu?"

"Iko. Habakuvunja hata moja. Kifaru ilikuwa imepasuka kidogo, bakaifunga."

Nilifurahi. Kando yangu mtu alikuwa akimlilia mtoto, na mimi nilifurahi.

"Siku ya Mungu, kisha misa, batu banakuya kuangalia," akaendelea. "Yule tata mwenye aliingia mu nyumba yenu anasema ni mutoto wake njo alitengeneza."

"Na we ulisema nini?"

Alimenya avokado polepole.

"Nilisema ni muzuri."

Kisha akasema, akiangalia miguu yake, kwamba pale mbele palikuwa na magurudumu matupu ya lori moja, na yule mtoto alikuwa amemuuliza kama anajua jinsi ya kuunda lingine. Palionekana vibaya, akasema. Kama jino lililong'oka.

Nilipaona. Nilikuwa nimepaona kila siku tangu tutoke, msafara ukiongozwa na magurudumu tu. Nilikwenda kwa mama nikamwaga chumvi kwenye kitambaa.

"Na chumvi tutaitia wapi?" akauliza.

Nilifuta lori kwa shati, nikampa rafiki yangu. Nikamweleza: apashe shaba moto mpaka ibadilike rangi, aguse mhimili wa nyuma kwanza, halafu wa mbele, asilazimishe. Alisema ndiyo, ndiyo. Hakuwa amewahi kulehemu kitu.

Sasa tuko Kasai, katika mji ambao watoto wananicheka nikiongea lugha ya babu yangu, na nikiongea Kiswahili wananiita mgeni. Mama anaweka chumvi kwenye karatasi. Inalowana. Sijaunda kitu kingine. Ninachofikiria, na naona aibu kukiandika, ni lile lori: kama alianza na mhimili wa nyuma. Ukianza na wa mbele, linapinda na kuelekea ukutani. Lilipaswa kuelekea dirishani.