Mume Wangu Alishangilia Msiba kwa Kijapani

Nisitirieni jina, maana huku Tarime tunajuana. Mimi ni mama wa miaka 29, nimeolewa Nyarero, nina watoto wawili. Mume wangu ni mtoto wa kwanza kwao na anaendesha watalii Serengeti, hasa Wajapani. Lugha yao alijifunza kwenye simu, na akirudi likizo alikuwa ananifundisha jikoni huku nasonga ugali, mpaka nikawa naielewa. Nilijiona nimepata mume wa kipekee.

Maneno niliyoyapenda ni yale ya hatimaye. Wenzetu wanayo mengi, wanachagua. Tsuini ni pale jambo kubwa linapofika mwisho wake. Yooyaku, kitu kimekuja polepole kwa kuvumilia. Yatto ni la mtu aliyesubiri mpaka akachoka, sasa kimefika, anashusha pumzi. Wageni wakitafuta chui kutwa nzima, akija kuonekana jioni wanasema yatto. Na mimi mvua ikinyesha baada ya jua kali nilikuwa nasema yatto, tunacheka.

Baba yake alikuwa amepooza. Mimi ndiye niliyemwogesha, nikamlisha uji, nikafua mashuka. Mume wangu akija anasimama mlangoni na kitambaa puani, anasema "Shikamoo baba," anaondoka. Mzee alikuwa ananirudia jambo moja kwa shida: "Ng'ombe wa binti yangu ni wa kuolea huyu mdogo. Wasiguswe." Kwetu Wakurya hilo halina mjadala, mahari ya dada ndiyo inayomwolea kaka yake. Shemeji yangu mdogo ana mchumba Gorong'a na anategemea ng'ombe hao hao.

Mzee amefariki mwezi huu. Siku ya maziko, watu wamejaa uani, mume wangu akapigiwa simu na dereva mwenzake. Hao wawili wakitaka kusema siri mbele za watu huongea Kijapani. Nilikuwa nyuma yake nagawa chai. Kainamisha kichwa, sauti ya majonzi kabisa, akasema, "Yatto shinda." Yaani afadhali, hatimaye amekufa. Akaendelea kwa sauti ile ile ya kilio kwamba ng'ombe wote atawauza Sirari, na hela ataingiza kwenye shimo la dhahabu Matongo. Baba yake mdogo akampigapiga begani, "Jikaze, mura. Wewe ni mwanaume."

Alipokata simu akageuka, akaniona. Nilidhani ataona haya. Akanisogelea sikioni, "Yatto, ne?" Yaani hatimaye, au siyo? Kwamba na mimi sasa nimepumzika kufua mashuka. Ndugu zangu, huyu mtu ananihesabu mwenzake katika uchafu ule. Nyama ya msiba ilinishinda, niliitema nyuma ya jiko. Mpaka leo akinishika mkono naenda kunawa.

Nilimwambia baba aliacha neno kuhusu wale ng'ombe. Akanijibu huku anachokonoa meno, "Nani mwingine alisikia? Mzee alikuwa haongei vizuri. Watasema umetunga."

Jumamosi ukoo unakaa kumkabidhi zizi. Wazee wanamsifu kwa vile alivyomlilia baba yake, na yeye amewaahidi kwamba sehemu ya mdogo wake ataitunza. Nikisimama kusema nilichosikia, hakuna hata mmoja pale anayejua Kijapani, na mke anayemuumbua mumewe mbele ya wazee atarudishwa kwao. Watoto wangu watabaki na ukoo. Nikinyamaza, nitaendelea kumpikia na kulala naye, na zizi litabaki tupu.

Jana shemeji amekuja mbio kutoka Gorong'a, kanikuta nachambua mboga. Akasema, "Shemeji, wamekubali. Hatimaye naoa." Mimi niliyefundishwa maneno yote yale ya hatimaye niliinamia mboga zangu, nikaendelea kuchambua.

Jumamosi haiko mbali. Mliowahi kusimama mbele ya ukoo wa mume, nielekezeni: niseme, au nimeze?