Mti Aliouchukia Nyangate

Bathsheba aliposikia kwamba mjukuu wake ataitwa Rowan, alitua kikapu cha chai akaketi juu ya jiwe.

"Rowan ni nani?"

"Ni mti, Mama," alisema Ronny, mwanawe wa pekee wa kiume, muuza simu kule Keroka. Alikuwa amemleta nyumbani Ikonge mkewe Phanice, mja mzito wa siku zake za mwisho. "Siku hizi wavulana wanapewa majina ya miti." Akamwonyesha picha kwenye simu: mti wa ng'ambo, umejaa vitunda vyekundu.

"Vinaliwa?"

"Na ndege."

"Basi wape ndege hilo jina."

Huyo ndiye Bathsheba. Daktari alipomkataza kubeba mizigo, alihama daktari. Kina mama wa chama walipomfundisha kuandika jina lake, alijua B, akasema inatosha. Lakini hili la Rowan lilimpiga kifuani. Kwa Abagusii jina la babu aliyefariki hurudi kwa mjukuu, na mzee wake Nyangate alikuwa amelala kando ya migomba bila mtu wa kumrudisha. Mabinti walizaa, ndiyo, lakini waliwazalia watu wengine. Nyangate asipoitwa sasa, ataitwa lini?

Asubuhi ugomvi ulikuwa haujaisha. Wote watatu walitembea hadi kituo cha kununulia chai, Bathsheba akapime majani yake ya chai, wao wapate gari la kwenda kliniki. Walipofika chini ya mkaratusi mkubwa wa pale kituoni, Phanice akashika shina, maji yakamwagika. Ronny akatoka mbio kutafuta gari kwenye matope. Wanawake wakatua vikapu, wakazungusha leso zikawa ukuta.

Mtoto alikuja upesi, mikononi mwa Bathsheba. Hakulia.

"Mvulana," alisema Nyanchama, jirani ambaye mdomo wake haulali.

Mtoto akinyamaza hivyo, wazee huita marehemu mmoja mmoja, na yule ambaye mtoto atamjibu kwa chafya ndiye mwenye jina. Bathsheba hakuwa na wa kuchagua.

"Nyangate," aliita.

Kimya. Midomo ya mtoto ilikuwa imeiva zambarau.

"Nyangate, ni mimi. Njoo."

Mtoto alining'inia kama kitambaa kibichi. Bathsheba akatafuta cha kumsugulia, hakuona. Akazoa majani ya mkaratusi pale chini, akamsugua nayo mgongo na kifua, kwa nguvu, kama anayesugua sufuria iliyoungua. Harufu kali ikapanda. Mtoto akapiga chafya. Akapiga nyingine, kisha akalia mpaka karani wa kupima chai akaacha mizani yake.

"Amejibu, Mama Ronny," Nyanchama alisema polepole. "Lakini aliyejibiwa si mzee wako, ni mti."

Bathsheba akatazama juu. Mti huo Nyangate aliuchukia mpaka kufa. Kila mkutano wa kituo alisimama akadai ukatwe, ati unanywa chemchemi yote. Na yeye Bathsheba, tangu aolewe, alikuwa akimwita mtu huyo naye anakuja: kutoka shambani, kutoka kwenye pombe, kutoka kwenye ugomvi. Leo amemwita mbele za watu, hakuja.

Ronny akarudi na pikapu, matope hadi magotini. Alipoona wote wako hai, machozi yakamtoka.

"Mama, sitaki tena maneno. Aitwe Nyangate."

"Hapana," alisema Bathsheba. Yeye mwenyewe alishtuka kusikia mdomo wake. "Anaitwa Karatusi."

"Karatusi? Mama, huo ni mti wa kuni."

"Rowan pia ni mti."

"Lakini Rowan ni jina zuri."

"Rowan alikuwa wapi sasa hivi?"

Phanice, amelala juu ya leso, alicheka kidogo ijapokuwa ilimuuma. "Mwache Mama, Ronny. Mimi nimeisikia ile chafya."

Pikapu ikawachukua kliniki. Bathsheba hakupanda. Akabeba kikapu chake, chai haijapimwa, akashika njia ya nyumbani. Pale migombani husimama kila siku kumwamkia mzee wake. Leo alipita moja kwa moja mpaka mlangoni, kisha akarudi, akasimama kando ya kaburi na kikapu mgongoni.

"Nilikuita," alisema.